Shajara ya mradi: Final Fantasy X-2 kwenye TV ya kichogo, Mtwara

Jumamosi, 8 Juni 2024: kuanza

Kila mteja aliyemaliza Final Fantasy X kwenye kona ya kibanda changu cha ufundi hapa Chikongola huniuliza swali lile lile: "Fundi, ile ya pili inafaa, au niachane nayo?" Miaka yote nimejibu "achana nayo", na ukweli ni kwamba sikuwa na haki ya kujibu hivyo. Niliicheza saa moja na nusu tu. Nikaona sura ya Yuna, yule binti mpole wa maombi, ikiimba jukwaani kwenye taa za rangi. Nikazima.

Sasa naifanyia haki. Nitaicheza mpaka mwisho na daftari pembeni, na ninaandika hapa ili mwingine akitaka kupima gemu ya mwendelezo asirudie makosa yangu.

Kwa asiyeijua: Final Fantasy ilianza Japani mwaka 1987, na kwa kawaida kila namba mpya ilikuja na dunia yake na watu wake. X ilitoka 2001 kwa PS2, mashine ya gemu ya Sony. X-2, iliyotoka Japani Machi 2003, ndiyo mara ya kwanza gemu ya namba kuu kufuatiwa na mwendelezo wa moja kwa moja: dunia ile ile ya Spira, miaka miwili baadaye.

Wapimaji ni wawili. Mimi, ninayeijua X kama njia ya kwenda Mikindani, na mpwa wangu Zai, miaka 13, yuko likizo na hajawahi kugusa hata ya kwanza. Kiingereza cha gemu kinampiga chenga, kwa hiyo namtafsiria papo kwa papo kama wale wa mabanda ya video. Bibi, yaani mama yangu, anakaa nyuma yetu akichambua mchele. Hakuombwa maoni.

Vifaa: PS2 ya mtumba yenye chipu ya kusomea sidii za kunakili, 110,000. Waya wa TV, 4,000. Memori kadi isiyo na jina, imeandikwa 64 MB kwa herufi za dhahabu, 8,000. Sidii ya kunakili, 3,000. TV ya kichogo ni ya nyumbani.

Jumatano, 12 Juni: picha nyeusi na nyeupe

Siku nne, hatujafika popote.

Kosa la kwanza: sidii niliyonunua ilinakiliwa kutoka toleo la Marekani, ambalo hutoa picha ya mfumo wa NTSC. TV yetu ni ya PAL, kama nyingi zilizoingia nchini enzi zile. Matokeo yake picha haina rangi, tena inapanda juu bila kutulia. Nilihangaika na waya jioni nzima, nikauchomelea upya pasipo sababu. Dawa haikuwa kwenye waya. Niliazima TV ya jirani inayopokea mifumo yote miwili, rangi zikarudi.

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tumecheza saa sita, na kila tukifika kwenye onyesho moja la video kule Kilika, kijiji cha ndani ya gemu, picha inaganda. Mara nne, mahali pale pale. Nimesafisha lenzi kwa spiriti, nimejaribu sidii nyingine tatu, zote zinapiga mwendo. Mgonjwa ni sidii. Nimempigia binamu Dar anitafutie halisi.

Jumanne, 18 Juni: saa sita zimekwenda na maji

Sidii halisi ilishuka na basi jana, sikukuu ya Idi: 35,000, na mzigo 5,000. Ni toleo la Ulaya, PAL, kwa hiyo TV ya jirani imerudi kwake na sahani ya pilau juu.

Nikachomeka kadi. Hakuna kitu. Gemu inasema haina data.

Niliyekuwa nimelisahau ni hili, na wewe usilisahau: kwenye PS2, toleo la Marekani na la Ulaya la gemu moja hazisomeani faili. Faili lipo kwenye kadi, ukifungua kwa mashine yenyewe unaliona, lakini gemu hailitambui. Zai alinitazama kama nimemchinjia kuku wake. Tumeanza upya.

Jioni umeme ukakatika, na mashine nzima haikuwa kwenye betri. Kwa kuwa giza lilikuwa giza, nikamsimulia hadithi ya X. Nikafika kwenye lile dude kubwa la baharini linaloangamiza miji, ambalo jina lake ni Sin.

"Maana yake nini, mjomba?"

"Dhambi."

"Dhambi ni nyangumi?"

Bibi akacheka mpaka akamwaga mchele. Lakini swali la Zai ndilo hasa la gemu. Watu wa Spira walifundishwa kwamba lile dude ni adhabu yao kwa kutumia mashine, na kwamba kila baada ya muda lazima binti au kijana mmoja aende hija, afe, ili dude lilale kidogo. Baba yake Yuna alikufa hivyo. Yuna naye aliandaliwa hivyo. Mwishoni ikaonekana mafundisho yenyewe yalikuwa uongo, dude likauawa moja kwa moja, na Yuna akabaki hai. Aliyempenda ndiye akatoweka.

"Sasa ya pili inahusu nini, kama dude limeshakufa?"

Nilikosa jibu. Nimeliandika swali hilo juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari.

Jumapili, 23 Juni: mapigano, na kitufe cha R1

Sura ya kwanza imekwisha, safari hii kwa saa tisa badala ya sita. Tofauti hiyo ina maana. Mara ya kwanza tulikimbilia maeneo yenye alama ya hadithi tu. Gemu ina sura tano, unaruka na ndege yako popote unapotaka, na kila sura mahali pale pale pana jambo jipya. Ukikimbia unabaki na mifupa. Ukizurura unakuta nyama.

Lalamiko langu la kwanza linabaki hapo hapo: maeneo mengi ni yale yale ya X. Besaid ile ile, barabara ya Mi'ihen ile ile, madubwana mengi ni yale yale. Nimeandika "uvivu" kwa wino mwekundu. Tutaona.

Mapigano ni habari nyingine. Katika X unaona orodha ya zamu pembeni, unafikiri, unameza chai, unacheza. Ni bao. Katika X-2 kila mhusika ana mstari unaojaa, adui naye wake unajaa, hakuna anayekusubiri. Ni rede. Mimi wa bao nilipigwa nikauawa na madubwana ya mwanzo kabisa. Zai wa rede akashika pedi na kuwatandika. Alilogundua peke yake, bila kusoma maelezo: mapigo ya wahusika watatu yakifuatana karibu karibu, yanaungana na kila linalofuata linauma zaidi. Anahesabu kwa kupiga mguu sakafuni, moja, mbili, tatu, kama anaingia kwenye kamba.

Kwa wazee wenzangu: kwenye mipangilio kuna namna mbili, Active na Wait. Weka Wait. Ukiwa ndani ya orodha ya uchawi au vifaa, muda unasimama. Niliteseka siku mbili kabla ya kuiona.

Sasa mavazi. Wahusika ni watatu tu, wote wa kike: Yuna, Rikku na Paine. Kila mmoja anabeba ubao wenye matufe, na kila tufe ni vazi lenye kazi yake: mpiga bastola, mwizi, shujaa wa upanga, mganga, mwimbaji. Katikati ya pigano unahama kutoka tufe moja kwenda jirani yake, na vazi linabadilika mwilini. Ukiyavaa yote ya ubao huo katika pigano moja, unafunguliwa umbo la pekee. Watu walicheka sana jambo hili. Hata mimi nilicheka. Lakini aliyekulia huku kwetu ameona mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde. Mtu unayemjua, jirani yako kabisa, anaingia uwanjani kichwa kimezama ndani ya kinyago, mwili umefunikwa nguo, na mwendo si wake tena. Hachezi kama yeye. Anacheza kama lipiko. Baada ya kulitazama hivyo, nikaanza kuona ninachokipuuza: Yuna akivaa la uganga anasimama vingine kabisa na alipokuwa na bastola, na kila vazi hujifunza ujuzi wake kwa kutumiwa, si kwa kununuliwa. Katika sehemu hii X-2 imeishinda X, na sioni haya kusema.

Bibi naye ana lake: angalau wangepewa kanga. Nimeliandika pia.

Hasara ya wiki: bastola za Yuna zina pigo linalotaka ubonyeze R1 haraka uwezavyo. Zai alibonyeza mpaka kitufe kikazama, hakirudi. Nimefungua pedi, nikakuta raba ya mpitisho imepasuka kwenye ukingo. Nimehamisha raba ya L2 kutoka pedi mbovu, nikaipunguza kwa wembe upande mmoja ikae sawa, nikasafisha njia za kaboni kwa spiriti na pamba ya sikio. Dakika ishirini, bila gharama. Usipake gundi hapo, inapenya mpaka kwenye karatasi ya saketi.

Ijumaa, 28 Juni: wiki ya aibu mbili

Ya kwanza. Kadi ya herufi za dhahabu imefuta kila kitu. Si faili moja, kadi nzima: mashine inataka iiandae upya. Kadi halisi za PS2 ni MB 8, na hizi zinazojitapa kuwa na nyingi zina tabia ya kuchanganyikiwa. Nilijua. Nawaambia wateja kila siku. Nikanunua kwa sababu ni rahisi.

Nimenunua mbili halisi za mtumba, 18,000 kila moja. Utaratibu mpya: tunasevu kwenye kadi ya kwanza, na kila usiku kabla ya kuzima nawasha mashine bila sidii na kunakili faili kwenda ya pili. Mashine na TV sasa viko kwenye inverta na betri ya kibandani. TV inanguruma kidogo, tumeizoea.

Nikaanza tena mara ya tatu, usiku peke yangu, kwa hasira, nikiruka kila nilichokwisha kuona. Hapo ndipo ikaja aibu ya pili.

Kuna mzee anaitwa Maechen, msimulizi wa historia, yupo tangu X. Ukimkuta anaanza kusimulia, na hamalizi leo. Nikamkatiza. Zai alipokuja asubuhi akauliza alisema nini, nikamwambia maneno ya wazee tu. Baadaye nikaangalia hesabu: X-2 inakuwekea asilimia ya ulichokamilisha, na kumkatiza yule mzee kumetupunja. Huwezi kurudi. Sura ikishapita imepita.

Hapa nina hoja na watengenezaji. Kumtaka mchezaji asikilize ni sawa. Kumwadhibu kimyakimya, bila ishara, ili ajikute amekosa pointi saa thelathini baadaye, ni mtego. Mwisho mzuri wa gemu nao una mtego wa namna hiyo. Mwishoni mwa sura ya tatu Yuna anaanguka ahera na kubaki peke yake gizani. Hakuna maandishi, hakuna mshale. Ni juu yako kubonyeza kitufe cha X usikie mluzi, uendelee mpaka uusikie mara nne. Ukikaa kimya ukisubiri, umeukosa mlango.

Nilijua hilo kwa kuambiwa, na tulipofika nikambonyezesha Zai. Mluzi ukalia. Mimi koo likakaba, kwa sababu katika X, kule Luca, Yuna alifundishwa kupiga mluzi na yule aliyekuja kutoweka, akaahidiwa kwamba akiupiga ataitikiwa. Zai akauliza, "Nani anamwita mbuzi?"

Hilo limeharibu jedwali langu. Nilikuwa natoa alama kama msahihishaji wa mtihani: hadithi 20, muziki 20, na kuendelea. Kwenye onyesho lile nilikuwa nimetoa 19, Zai kwenye safu yake ametoa 4. Wote tuko sawa. Wastani wetu haumwambii mteja chochote. Nimefuta safu zote za alama. Badala yake daftari sasa lina kurasa mbili zinazotazamana: "anayetoka X" na "asiyetoka X". Ukitaka kupima mwendelezo wowote, anza hivi, usipoteze wiki tatu kama mimi.

Jumapili, 7 Julai, Sabasaba: sura ya nne na neno la Bibi

Shule zimefunguliwa, kwa hiyo Zai anakuja mwisho wa wiki tu.

Sura ya pili na ya tatu nazipita haraka, zina mengi ila hayana tatizo. Vijana wamejitenga na wafuasi wa dini ya zamani, kila upande una kiongozi wake, nawe unachagua pa kupeleka tufe lenye siri. Tulilipeleka kwa vijana. Adui mkuu, mashine kubwa iitwayo Vegnagun, anaingia kwa kuchelewa na hana uzito wa Sin hata robo. Kwenye kurasa zote mbili tumeandika neno moja: hatishi.

Sura ya nne ni fupi na ya ajabu. Muda mwingi huendi popote. Unakaa ndani ya ndege ukitazama vijiji kupitia kamera, watu wakiendelea na maisha yao. Nilianza kulalamika, kisha nikanyamaza. Wakka, yule mpiga mpira wa X, anatembea huku na huku akisubiri mtoto azaliwe na hajui awe baba wa namna gani. Pale ndipo nilipofuta "uvivu" ya wino mwekundu. Maeneo ni yale yale kwa sababu swali ni nini kimewapata watu wa maeneo yale. Sikufuta yote: mapango bado ni mapango, na madubwana ya kupakwa rangi upya bado ni uvivu.

Sura inafungwa na tamasha Nyanda za Radi. Yuna anaimba, watu wa pande zote wanasikiliza mvuani. Muziki wa gemu hii haukutungwa na Nobuo Uematsu, mtunzi mkuu wa X, ni wa Noriko Matsueda na Takahito Eguchi, na sehemu nyingi nautamani ule wa zamani. Wimbo huu umekaa mahali pake.

Bibi aliacha mchele. Amemfuatilia Yuna mwezi mzima, ametuona tukibadilisha mavazi, tukiimba, tukizurura na marafiki, na anakumbuka hadithi ya usiku wa giza. Akasema, "Huyo mtoto walimfunda kufa. Kuishi amefundwa na nani?"

Zai akasema hakuna. Bibi akasema, "Ndiyo maana anajaribu kila nguo."

Nimelinakili kama lilivyo, chini ya lile swali la ukurasa wa kwanza.

Jumamosi, 13 Julai: mwisho

Tumemaliza. Saa 41, asilimia 73. Vegnagun lilituua mara mbili, zote kwa uzembe wangu wa kumwacha mganga avae upanga. Mwishoni Yuna aliulizwa kama anataka kuonana tena na aliyetoweka, Zai akabonyeza ndiyo kabla sijatafsiri.

Sitasema kilichofuata. Ukurasa wangu umeandikwa: nusu nafurahi, nusu naona wamelainisha mwisho wa X, ambao uzuri wake ulikuwa kwamba hakuna aliyerudishiwa kitu. Ukurasa wa Zai: "Safi sana."

Jumapili, 21 Julai: hesabu, na jina la mtoto

Gharama: mashine 110,000, waya 4,000, kadi ya dhahabu 8,000, sidii ya kunakili 3,000, sidii halisi na mzigo 40,000, kadi mbili halisi 36,000. Jumla 201,000, ambazo 11,000 ni za kutupa. Umeme sikuupima.

Zai ameanza mzunguko wa pili. Ukianza upya na faili lililomaliza, viwango vya wahusika vinarudi chini lakini mavazi, vifaa na asilimia vinabaki, na unaweza kumsikiliza mzee uliyemkatiza. Amemsikiliza. Amekaa mikono mapajani mpaka mwisho.

Leo ameleta daftari la hesabu, nyuma ya jalada kuna jedwali la herufi. Ni lugha ya Al Bhed, kabila la Rikku. Si lugha hasa, ni Kiingereza kilichobadilishwa herufi moja kwa nyingine, na ndani ya gemu unaokota vitabu vidogo vinavyofichua herufi moja moja. Zilizopungua amezitoa kwenye daftari langu la zamani la X. Amekuwa akifumbua kila neno analoliona, hata pasipo na kitu.

"Mjomba, mtoto wa Wakka anaitwa Vidina."

"Naam."

"V ni F. I ni U. D ni T. I tena U. N ni R. A ni E." Akanigeuzia daftari. "Future. Si ndiyo wakati ujao, ule wa mwalimu wa Kiingereza?"

Nikahesabu mwenyewe kwa kidole, mara mbili.

"Lakini si ulinisimulia huyu Wakka hawataki hao watu? Si ulisema mdogo wake alikufa ameshika silaha yao?"

Nilisema. Katika sehemu kubwa ya X Wakka hakuweza kukaa na Al Bhed meza moja.

Zai amerudi kwenye gemu. Mimi nimekata kipande cha boksi, nimekibandika kwenye jalada la sidii kwa ajili ya mteja atakayeuliza: *Maliza ya kwanza kwanza. Weka Wait. Sevu kadi mbili. Usimkatize mzee.*